Mimea bandia katika tangi la samaki: Faida zake na kazi inayomsubiri mfugaji

MTU anayenunua tangi la samaki kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali moja kabla hata hajachagua samaki wenyewe: je, apande mimea hai ndani ya maji au atumie ile bandia iliyotengenezwa kwa plastiki au kitambaa?

Kwa mkazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, jibu la swali hilo mara nyingi huamuliwa na nyumba anamoishi. Nyumba za Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, zina nyua na madirisha mapana yanayoingiza mwanga wa kutosha. Lakini katika maghorofa yaliyosongamana ya Pipeline, Kayole na sehemu kadhaa za Umoja, vipo vyumba ambavyo taa huwashwa hata saa sita za mchana. Mmea wowote wa kijani unaohitaji mwanga hudhoofika humo, majani yake yakageuka manjano, yakaoza na kuchafua maji.

Isitoshe, maji ya mfereji huja kwa zamu, stima hukatika bila taarifa, na mpangaji huenda akahama kabla ya mwaka kwisha. Katika mazingira hayo, mmea usiohitaji mwanga, mbolea wala mchanga maalumu ni chaguo la busara.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi wapya huligundua samaki wakiwa wamekwisha kufa. Mmea bandia hushika nafasi ya mmea hai machoni mwa watu, na kwa kiasi fulani machoni mwa samaki, lakini haushiki nafasi yake katika maji. Kazi ambayo mmea hai ungeifanya kimyakimya usiku na mchana haipotei. Humwangukia mwenye tangi.

Wazo la awali

Ufugaji wa samaki ndani ya vioo kama tunavyoujua leo ulijengwa juu ya mimea. Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mmea wa majini uitwao valisneria, na konokono katika chombo kimoja. Samaki walitoa kinyesi na kaboni dayoksaidi, mmea ukavitumia na kutoa oksijeni, nao konokono wakala majani yaliyooza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la umma la kuonyesha viumbe wa majini.

Valisneria yenyewe si ngeni katika eneo letu. Mimea ya jamii hiyo huota katika maziwa ya Afrika Mashariki, likiwemo Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika.

Mimea ya plastiki ilipoingia katika matangi, katika karne iliyofuata, ilileta urahisi mkubwa. Lakini ilivunja ule mzunguko wa Warington. Pembe moja ya mzunguko ikabaki wazi, na ilibidi izibwe kwa vifaa na kwa kazi ya mikono.

Uchafu usioonekana

Samaki anapokula, sehemu ya chakula chake hugeuka kuwa amonia, ambayo hutoka kupitia mashavu yake na kinyesi. Mabaki ya chakula yanayooza nayo hutoa amonia. Kemikali hii huunguza mashavu ya samaki na huweza kuwaua hata ikiwa kwa kiwango kidogo sana, ilhali maji yanaonekana maangavu kama kioo.

Bakteria wasiodhuru, wanaoishi juu ya changarawe, ndani ya kichujio na juu ya kila kitu kilichomo majini, huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Kisha bakteria wa aina nyingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina makali mengi. Bakteria hao huchukua takriban majuma manne hadi sita kuongezeka kiasi cha kulitosheleza tangi jipya.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tangi hununuliwa Jumamosi, likajazwa maji, likapambwa kwa mimea ya plastiki, na jioni hiyohiyo samaki kumi wakatiwa ndani. Baada ya siku chache samaki huanza kuhema juu ya maji, na juma la pili linapokwisha wamebaki wawili. Lawama huelekezwa kwa muuzaji au kwa plastiki yenyewe. Mara nyingi kilichowaua ni amonia.

Mimea hai ingepunguza hatari hiyo, kwa kuwa hufyonza amonia na naitreti kama chakula. Mimea bandia haifyonzi chochote. Kwa sababu hiyo, anayeitumia anapaswa kuanza na samaki wawili au watatu, awalishe kidogo, na kusubiri zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuongeza wengine.

Ni haki kusema kwamba majani ya plastiki hayakosi manufaa kabisa. Bakteria hao hao huota juu yake, na utelezi mwembamba unaoonekana kwenye majani baada ya majuma kadhaa ni sehemu ya makao yao.

Nairobi ni mji wa juu

Suala la hewa nalo lina uzito wa pekee hapa. Eastlands iko takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi katika mwinuko huo, maji ya Nairobi hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 yakilinganishwa na maji ya joto lilo hilo kule Mombasa. Tangi linalovumilia samaki wengi huko pwani huenda likawa limesongamana kupita kiasi huku.

Mmea hai hutoa oksijeni wakati wa mwanga, ingawa usiku nao huivuta na kushindana na samaki. Mmea bandia hautoi wala hauvuti. Kwa hiyo pampu ya hewa, au kichujio kinachotikisa uso wa maji, si kifaa cha anasa katika tangi la mimea bandia.

Aidha, baridi ya mwezi wa Julai si ya kupuuzwa. Samaki wengi wa nchi za joto huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27 za selisiasi, na tangi lisilo na kipasha-joto hushuka chini ya kiwango hicho kwa urahisi. Samaki wa dhahabu hustahimili baridi kuliko wengine, lakini hukua wakawa wakubwa na huchafua maji sana, hivyo tangi dogo haliwafai.

Kwa nini basi ichaguliwe?

Licha ya upungufu huo, mimea bandia ina faida za kweli. Ya kwanza ni maficho. Samaki aliye katika tangi tupu huishi kwa hofu. Hujibanza pembeni, rangi yake hufifia, na hukataa chakula. Jani la plastiki linalomsetiri humtuliza sawa na jani hai. Vifaranga wa gapi, ambao huliwa na wazazi wao mara wanapozaliwa, huokoka wakipata kichaka kizito cha kujificha.

Faida ya pili ni kwamba haiharibiwi na samaki walaji wa majani. Samaki wa dhahabu huitafuna mimea laini hadi ikabaki vijiti. Samaki wa Ziwa Malawi waitwao mbuna, ambao jina lao la kienyeji limeenea kote duniani miongoni mwa wafugaji, hukwangua mwani kwenye miamba na hung'oa mimea wanapochimba mchanga. Kwa wafugaji wa samaki kama hao, mmea bandia uliofungwa kwenye jiwe ni suluhisho la kudumu. Hata hivyo, mbuna huhitaji zaidi mawe yenye mapango kuliko majani, kwa kuwa hivyo ndivyo yalivyo makao yao ya asili.

Faida ya tatu ni usalama wa maji yetu ya nje. Gugu-maji lililoenea upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990 lina asili ya Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, gugu jingine kutoka bara hilo, salvinia, lilikuwa limefunika sehemu za Ziwa Naivasha. Mmea wa mapambo ukitupwa kwenye mtaro wa Eastlands huweza kufika Mto Nairobi au Mto Ngong, kisha Mto Athi. Plastiki haioti ikazaana, ingawa nayo haifai kutupwa mtoni.

Na kwa mpangaji, mimea bandia hutolewa, hukaushwa na kufungwa katika gazeti siku ya kuhama, jambo lisilowezekana kwa bustani iliyotia mizizi.

Jinsi ya kuchagua

Si kila ua la plastiki linafaa kuingia majini. Maua ya kupamba meza yanayouzwa sokoni kwa bei nafuu hayakutengenezwa kwa ajili ya viumbe. Mengi yana waya ndani ya shina, ambao hupata kutu maji yanapopenya. Mengine hupakwa rangi ya juu inayobanduka. Waya wa shaba ni hatari zaidi, kwa kuwa shaba huwaua konokono na kamba wadogo wa tangini hata ikiwa kidogo, na kwa wingi huwadhuru samaki.

Kabla ya kununua, mfugaji na akunje shina kuona kama lina waya, akwangue jani kwa ukucha kuona kama rangi inatoka, na anuse kama kuna harufu kali. Akifika nyumbani aoshe mmea kwa maji matupu, kisha auloweke katika ndoo ya maji ya vuguvugu kwa siku tatu au nne. Maji yakibadilika rangi au yakinuka, mmea huo usitiwe tangini.

Jaribio jingine hufanywa kwa soksi ndefu nyepesi za wanawake. Pitisha kipande cha soksi juu ya majani polepole. Kikikwama au kuchanika, mapezi ya samaki nayo yatachanika. Hili ni muhimu hasa kwa samaki aitwaye beta, mwenye asili ya Thailand na nchi jirani, ambaye mapezi yake marefu ni laini kama hariri. Jeraha dogo la pezi huingiza maradhi ya kuoza kwa mapezi. Kwa samaki wa aina hiyo, mimea ya kitambaa ni bora kuliko ya plastiki ngumu. Kingo zinazokwaruza kidogo zaweza kupunguzwa kwa mkasi.

Wafugaji wasio na fedha za kutosha wanaweza kujitengenezea kichaka cha vifaranga kwa nyuzi za kufumia sweta. Nyuzi ziwe za sintetiki na zisizochuja rangi; sufu ya kondoo huoza majini. Huchemshwa kwanza, zikakatwa vipande vya urefu wa shibiri moja, zikafungwa pamoja upande mmoja na kuachwa zining'inie ndani ya maji. Samaki watagao mayai huyataga humo.

Kupanga tangini

Mimea mirefu iwekwe nyuma na pembeni, mifupi mbele, na katikati pabaki uwanja wa kuogelea. Tangi lililojazwa majani kila upande hupendeza kwa siku chache, kisha mabaki ya chakula hukwama katikati ya mashina na kuoza mahali pasipofikika. Kichujio kisizibwe.

Plastiki nyepesi huelea. Kitako cha mmea kifukiwe chini ya changarawe kiasi cha sentimita nne au tano, au kifungwe kwenye jiwe kwa uzi wa kuvulia samaki.

Tangi lisikabiliwe na jua la dirishani. Kwa kuwa hakuna mmea hai wa kushindania mwanga na virutubisho, mwani ndio hunufaika, ukageuza majani bandia kuwa na rangi ya kahawia au kijani chafu. Taa ya tangi iwashwe saa sita hadi nane kwa siku, kisha izimwe.

Kusafisha

Mwani unapotanda, mimea itolewe na kusuguliwa kwa mswaki mpya usiotumika kwa kazi nyingine, ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini. Sabuni isitumiwe kamwe, kwani masalio yake huwadhuru samaki. Mimea yote isisafishwe kwa siku moja, wala isisafishwe siku ambayo kichujio kinaoshwa, kwa sababu bakteria waliojengeka kwa majuma mengi wataangamizwa kwa mkupuo.

Mwani sugu kwenye plastiki huweza kutolewa kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala sabuni: kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 19 vya maji, kwa dakika chache tu. Baada ya hapo mmea husuuzwa mara nyingi, hulowekwa katika maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha huanikwa hadi harufu iishe kabisa. Mimea ya kitambaa isitiwe dawa hiyo. Mmea ulioanza kupasuka au kubanduka rangi utupwe pamoja na taka za nyumbani, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba taka nyingi za jiji huishia Dandora, papa hapa Eastlands. Anayenunua mmea imara mara moja humpunguzia jirani yake mzigo.

Maji ya mgao na stima

Njia kuu ya kuondoa naitreti katika tangi lisilo na mimea hai ni kubadilisha maji. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54. Robo yake, ambayo ndiyo inayofaa kubadilishwa kila juma, haifiki lita 14. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha, na maji yanayotolewa yanafaa kumwagilia sukuma wiki au maua barazani.

Siku ya mgao, mtungi huo ujazwe mapema. Maji ya mfereji hutiwa klorini, ambayo huua bakteria na kuunguza mashavu ya samaki. Yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini, na yafikie joto la maji ya tangi kabla ya kumiminwa. Maji ya malori na ya visima virefu huweza kuwa na madini tofauti kabisa na ya mfereji. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi. Anayelazimika kuyatumia na abadilishe kidogo kidogo, asije akawashtua samaki.

Stima ikikatika, kichujio husimama na hewa hukoma kuingia. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotoweka karibu kote nchini, sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo samaki wasilishwe. Maji na yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena kutoka juu mara kwa mara ili yashike hewa, na tangi lifunikwe blanketi pembeni kuhifadhi joto, huku sehemu ya juu ikiachwa wazi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba njema.

Njia ya kati

Hakuna sheria inayomlazimu mfugaji kuchagua upande mmoja. Ule mmea wa kutambaa wenye majani mfano wa moyo, unaopatikana katika sebule nyingi na kujulikana kama maniplanti, huweza kusaidia tangi la mimea bandia. Tawi lake huning'inizwa ukingoni, mizizi ikiwa majini na majani yakiwa nje. Mizizi hufyonza naitreti, na mmea huridhika na mwanga hafifu. Majani yasizamishwe, na watoto wazuiwe kuyatafuna kwa sababu yanawasha kinywa.

Anubia, mmea wa majini kutoka Afrika ya Kati na Magharibi, nao huvumilia giza kiasi na hufungwa kwenye jiwe bila kupandwa. Ukiwekwa katikati ya mimea bandia, si rahisi mgeni kutofautisha.

Kwa ufupi, mimea bandia haina dhambi, wala haina miujiza. Anayeichagua akijua kwamba ameondoa msafishaji mmoja katika tangi, na kwamba yeye ndiye msafishaji mpya, atakuwa na samaki wenye afya kwa miaka mingi. Ratiba yake si ngumu: mtungi mmoja wa maji kila juma, chakula kidogo kinachokwisha kwa dakika mbili au tatu, mwanga wa saa chache, na samaki wasiozidi uwezo wa chombo. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa; na samaki wanaoelea wakiwa hai katika sebule ya Kayole au Donholm wana mtu anayewatunza kila juma.